Firigisi Iliyobaki kwenye Sahani

Mtu wa chama aliyekuja kutuzuia tusichukue pesa ya kampuni alishuka kutoka kwa gari la meneja.

Nilimwona kwa macho yangu. Tulimwona sote.

Ilikuwa asubuhi, hapa Busia, mwaka wa sabini na saba. Tulikuwa uani kwenye depo ya soda, malori yamepakiwa, tunangoja maombi ndipo tuondoke. Geti likafunguliwa. Peugeot nyeupe ya Bwana Nathaniel, meneja wetu, ikaingia polepole kama gari la maharusi.

Akashuka mwanamume mfupi mwenye koti la kahawia na mkoba wa ngozi.

Huyo ndiye aliyekuwa Barnabas, katibu wa chama cha wafanyakazi kutoka Kisumu. Tulikuwa tumemngoja kama wagonjwa wanavyomngoja daktari.

Na sasa alikuwa anamshukuru meneja kwa kumbeba.

"Chama kimeletwa na dereva," Osukuku akasema. "Na sisi ndio madereva, hata hatukuitwa."

Osukuku alikuwa mkubwa wetu kwa umri, Mteso wa Chakol, na mdomo wake haukuwa na breki. Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu.

Wacha nieleze shida ilikuwa nini.

Mimi naitwa Titus. Nilikuwa naendesha lori la soda kutoka Busia kwenda Malaba, siku nyingine Chakol, siku nyingine mpaka Port Victoria. Unashusha kreti zilizojaa, unabeba tupu, mwenye duka anakuuliza habari za mpaka, unawasha gari. Niliingia kazi hiyo nikiwa kijana na niliipenda.

Mwaka huo biashara ya upande wa Uganda ilikuwa imelala. Soda ambazo zamani zilikuwa zinavuka kila siku sasa zilikaa depo zikila vumbi.

Bwana Nathaniel akatuita. Akasema kampuni haitaki kumfukuza mtu. Yeyote atakayekubali kuacha kazi kwa hiari yake atapewa pesa yake mkononi, mara moja. Mwisho wa kuweka sahihi ni Ijumaa ya wiki itakayofuata. Atakayekataa, kampuni haimwahidi kitu.

Haimwahidi kitu. Maneno hayo nililala nayo na kuamka nayo.

Mtoto wangu wa kwanza, Wandera, alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Nyumba yetu ya Burumba ilikuwa inalipiwa na kampuni. Nikikataa halafu depo ifungwe, nimepoteza vyote. Nikikubali halafu depo isifungwe, nimejitoa nje kwa miguu yangu mwenyewe.

Ndiyo maana tulimngoja huyo Barnabas.

Alipanda juu ya kreti akazungumza.

"Msiweke sahihi mmoja mmoja," alisema. "Kampuni ikitaka kupunguza watu, izungumze na chama. Tukubaliane kwa pamoja, kila mtu alipwe kulingana na miaka yake. Mkienda mmoja mmoja, mimi sina pa kuwashikia."

Kariuki, dereva wetu aliyetoka Murang'a, akainua mkono. "Na wewe boss, kwa gari ya meneja mlikuwa mnazungumza nini?"

"Basi langu liliharibika Bumala. Akanikuta barabarani."

"Akakukuta tu."

"Akanikuta tu."

Barnabas akatuangalia, akaona hatuamini.

"Basi jiulizeni kitu kimoja," akasema. "Nyinyi mkishaondoka, soda itapelekwa Port Victoria na nani? Chupa haina miguu."

Akashuka, akachukua mkoba wake, akatoka kwa geti. Kwa miguu safari hii.

Alipotoka ndipo Josiah akasimama.

Josiah alikuwa mwakilishi wa chama hapo depo. Tulimchagua sisi wenyewe. Alikuwa dereva kama sisi, na kila asubuhi alikuwa anaweka mkono juu ya boneti ya lori na kutuombea safari. Rael, mke wangu, alipougua na kulazwa, Josiah alifunga kula pamoja nami mpaka akapona. Mtu akifunga kwa ajili ya mkeo, unamwaminije nusu?

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti ya chini, "mnajua nimekitumikia chama hiki. Lakini mmeona wenyewe. Chama kimekula. Wakituuza, watatuuza kwa jumla. Afadhali kila mtu achukue chake mapema. Bwana atatufungulia mlango mwingine."

"Amina," tukasema.

Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote.

Nyumbani nilimkuta Rael anachambua maharagwe. Nikamweleza. Hakuinua kichwa.

"Baba Wandera, hiyo pesa italipa shule mwaka wa kwanza. Wa pili utalipa na nini?"

"Nitatafuta kazi nyingine."

"Gani? Hapa Busia ama huko kwa Amin?"

Nikaketi karibu naye, nikaanza kuvua viatu.

"Wewe nakujua," akasema. "Tangu ujifunze kuandika jina lako unatafuta mahali pa kuliweka."

Alinipata hapo. Nilikuwa nimeanza masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, jioni kwenye shule ya msingi. Mpaka mwaka huo, kila karatasi ya maisha yangu nilikuwa nimeiwekea dole gumba. Sasa nilikuwa na sahihi, na sikuwa nimeitumia hata mara moja. Sikutaka ya kwanza niiweke mahali pabaya.

Nikapiga magoti. Nikamwomba Mungu anionyeshe nani mkweli kati ya hawa watu wawili.

Jumapili nikadhani amenionyesha.

Baada ya ibada, mlinzi wa depo alinikuta nje ya kanisa. Bwana Nathaniel ana mgeni, akasema, nipeleke kreti ya soda nyumbani kwake. Nikachukua pikapu ya kampuni nikaenda.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nikabisha, nikaingia na kreti kifuani.

Barnabas alikuwa mezani.

Koti lake la kahawia lilikuwa limetundikwa mgongoni mwa kiti. Mbele yake ugali, kuku, na juu ya ile nyama, mahali ambapo mtu hawezi kukosa kuiona hata akipita mbio, firigisi.

Kama wewe si mtu wa huku, wacha nikueleze. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi haiendi kwa yeyote tu. Ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akikuwekea wewe, amesema mbele ya watu kwamba wewe ni mtu wake. Nimeona ndugu wakikosa kusalimiana kwa sababu ya firigisi iliyopotelea jikoni. Ukiila umeikubali hiyo heshima, na yote inayokuja nayo.

Bwana Nathaniel aliona macho yangu yalikokwenda. Hakuniharakisha.

"Karibu, Titus," akasema akitabasamu. "Weka hapo chini. Mgeni wangu mnajuana."

Barnabas alinisalimia. Nilimjibu nikiangalia kreti, nikatoka.

Njia yote mpaka Burumba nilikuwa nasema peke yangu ndani ya pikapu. Gari la meneja. Meza ya meneja. Firigisi ya meneja. Mtu anataka ushahidi gani tena?

Jumatatu nilimvuta Josiah pembeni, nyuma ya rundo la kreti tupu, nikamwambia.

"Firigisi?" akauliza.

"Firigisi."

"Ulimwona akiila?"

"Sikukaa. Niliweka soda nikatoka."

Akafumba macho kidogo, kama mtu anayeombea marehemu.

"Inatosha," akasema. "Usiwaambie watu kwa kelele, ndugu. Waambie polepole."

Nikawaambia polepole. Kufikia jioni hakuna dereva ambaye hakuwa na habari.

Wiki hiyo depo ilibadilika. Wateso walisimama na Wateso, Waluhya na Waluhya, wanaongea kwa lugha zao, na mtu akikaribia wanabadilisha mazungumzo. Kariuki aliacha kutundika koti lake kwenye lori. Alikwenda nalo mpaka chooni. Madereva wawili waliingia ofisini wakaweka sahihi bila kumwambia mtu. Tulijua tu kwa sababu walianza kutusalimia kwa adabu nyingi.

Barnabas alikuja getini karibu kila siku. Mlinzi alikuwa amekatazwa kumfungulia. Kwenye kibanda cha chai alikaa benchi lote peke yake. Siku moja nilipita karibu naye akaniita, "Dereva." Nikainama nikajifanya naangalia tairi.

"Tairi iko sawa," akasema. "Wewe ndiye huna upepo."

Nilikasirika sana. Mtu ametuuza na bado ana mzaha.

Nikaamua kwamba Ijumaa nitaweka sahihi.

Alhamisi jioni nilikwenda ngumbaru. Mwalimu alikuwa amechelewa. Nilikaa benchi moja na Alupo, mama mmoja Mteso ambaye alikuwa mpishi nyumbani kwa Bwana Nathaniel. Alupo alikuwa anasoma ili asome Biblia yake mwenyewe, asisomewe tena na watoto wanaoruka mistari. Alikuwa na kicheko kikubwa na hakuwa na ubaya na mtu.

"Huyo mgeni wenu wa Kisumu," akaniambia akichonga penseli, "mama yake hakumfundisha kitu."

"Kwa nini, mama?"

"Aliacha firigisi."

Niligeuka kwenye benchi.

"Aliacha vipi?"

"Kuacha. Alikula nyama, akala ugali, akashukuru, akanawa mikono. Firigisi ikabaki kwa sahani inaniangalia. Boss akamwambia, mzee, umesahau kitu. Yeye akasema, hapana, hiyo ni ya mtu wako, na mimi sijakuwa mtu wako. Akavaa koti. Boss alikasirika mpaka soda akaacha nusu."



"Kwa hivyo ikatupwa."

"Itupwe? Firigisi?" Alupo akacheka mpaka watu wakageuka. "Mgeni akitoka kwa mlango wa mbele, yule mtu wenu wa maombi alikuwa amekaa jikoni kwangu kitambo, aliingia kwa nyuma. Boss akamwita mezani. Akamsukumia sahani ile ile."

"Mtu yupi wa maombi?"

"Mko na wangapi? Josiah. Aliila yote, akaramba vidole. Na hakuomba kabla ya kula. Hiyo ndiyo ilinishangaza."

Mwalimu akaingia. Tukasimama kumsalimu, tukaketi. Nikamnong'oneza.

"Walizungumza nini?"

"Mambo ya malori. Kwamba nyinyi mkishaenda, malori yatakuwa kwa mkono wake, kampuni itamlipa yeye, na yeye atatafuta watu wa kuendesha kwa kibarua cha siku." Akaniangalia. "Kwani hamjui? Mimi nilidhani ni nyinyi mmemtuma."

Chupa haina miguu.

Siku hiyo mwalimu aliandika sentensi ubaoni na mimi sikunakili hata neno moja.

Usifikiri niliamini papo hapo. Wiki ile ilikuwa imenifundisha kumshuku kila mtu. Nilijiuliza kama Alupo ametumwa. Nilijiuliza kama Barnabas alimpa kitu. Josiah alifunga kula kwa ajili ya mke wangu. Alupo alikuwa mpishi tu niliyekaa naye benchi. Nilimwambia Rael yote.

"Muulize," Rael akasema.

"Nikimuuliza atakataa."

"Usimuulize kama alikula. Muulize kama ilikuwa tamu."

Ijumaa asubuhi meza ilikuwa imewekwa barazani. Bwana Nathaniel alikuwa amesimama kando yake na kalamu ya wino. Tulijipanga uani. Nje ya geti, kupitia nafasi za mabati, niliona koti la kahawia.

"Tuvue kofia, ndugu," Josiah akasema. "Tumkabidhi Bwana jambo hili."

Kofia zikatoka.

"Ndugu Josiah," nikasema, "kabla hujaomba."

"Sema, ndugu yangu."

"Firigisi ya Jumapili ilikuwa na chumvi ya kutosha?"

Hakujibu. Mkono wake ndio ulijibu. Ulipanda wenyewe mpaka mdomoni, akajipangusa midomo kwa nyuma ya kiganja, kama mtu aliyeambiwa ana mafuta.

Mafuta ya Jumapili, na siku yenyewe ni Ijumaa.



"Sasa firigisi imeingilia wapi?" Kariuki akauliza. "Si tuko kwa mambo ya kazi?"

"Nyamaza, mtu wa Murang'a," Osukuku akamwambia. "Hayo ndiyo mambo ya kazi."

Josiah alijaribu kutabasamu.

"Titus, ndugu yangu, mgeni aliikataa," akasema. "Ingetupwa tu."

Nafikiri hakusikia alichosema mpaka alipokwisha kukisema. Kwa maneno hayo machache alikuwa amemtoa Barnabas kwenye ile meza na kujiketisha mwenyewe.

"Na malori?" nikauliza. "Nayo yangetupwa?"

Bwana Nathaniel alifunga kalamu yake, akaingia ofisini, akafunga mlango polepole. Josiah alibaki katikati ya ua na kofia mkononi, na hakuna aliyefumba macho.

Osukuku ndiye aliyekwenda kufungua geti. Mlinzi alitaka kumzuia, akamwambia, "Kijana, mimi nimebeba soda kabla wewe hujaonja. Sogea." Mlinzi akasogea.

Barnabas akaingia. Hakuuliza kitu. Alisimama mbele yetu akavua kofia.

"Ulijua desturi yetu ya firigisi?" nikamuuliza.

"Mke wangu ni Msamia, wa huku huku kwenu. Kwenye mahari yake nililipa kuku ishirini."

"Mbona hukutuambia uliikataa?"

"Mngeniamini?"

Osukuku akamsogezea kreti apande.

Hatukuweka sahihi siku hiyo. Sitasema mambo yalikuwa rahisi baadaye, kwa sababu hayakuwa. Kampuni ilisimamisha malori, tukakaa nje ya geti tukila mihogo ya kuchemsha ambayo wake zetu walituletea. Kulikuwa na siku niliona uso wa Wandera nikatamani kurudi barazani peke yangu niombe ile kalamu.

Mwishowe kampuni ilikaa mezani na chama. Waliotaka kuondoka waliondoka, wakalipwa kwa miaka yao. Osukuku alikuwa mmoja wao. Alirudi Chakol akanunua ng'ombe wa kulima, na kila aliyepita barabarani aliambiwa mmoja wao anaitwa Meneja. Sisi wengine tulibaki na malori yetu. Wale wawili walioweka sahihi mapema hawakuongezewa kitu. Barnabas aliwapigania, akashindwa, na jambo hilo lilimuuma kuliko lilivyotuuma sisi.

Josiah aliondoka bila kuaga.

Mkataba ulipoletwa, ulihitaji sahihi ya mwakilishi mpya wa depo. Walikuwa wamenichagua mimi. Herufi moja ilipanda juu ya nyingine, lakini jina lilisomeka. Ilikuwa sahihi ya kwanza ya maisha yangu. Rael alitaka kuiona, nikamwandikia nyingine kwenye karatasi ya sukari.

Wandera alimaliza shule.

Miaka mingi ikapita. Siku moja nilipeleka soda Port Victoria, na kwenye soko la samaki mtu akaniita kwa jina. Alikuwa Josiah. Amekonda, nywele nyeupe, anauza omena. Alinishika mkono hakuuachilia mpaka tukafika kwake.

Mkewe alichinja kuku. Tulikaa tukingoja, watu wawili wazima tukisikiliza sufuria. Sahani ilipokuja, firigisi ilikuwa upande wangu.

Nilimwangalia. Nilijua naye anajua ninachowaza: huyu anataka nini kwangu?

"Kula, Titus," akasema. "Hii hakuna mtu aliyeiacha."

"Tuombe kwanza," nikasema.

Akainamisha kichwa, akiningoja mimi. Mtu aliyekuwa akituombea kila asubuhi hakufungua mdomo. Nikaomba. Sitawaficha, jicho moja nililiacha wazi, na kwa jicho hilo niliona machozi yake yakidondoka mezani. Nikaikata firigisi katikati, nikampa nusu.

Hadi leo mimi huomba kila asubuhi, na sijaona sababu ya kuacha. Lakini ndugu msomaji, ukiwa mahali ambapo mkate wako unaamuliwa, usimhukumu mtu kwa gari aliloshuka, wala usimwamini kwa sababu anajua kuomba. Kilichowekwa mbele ya mtu kinakuonyesha nia ya aliyemwekea, basi. Ngoja sahani zitolewe mezani.

Halafu nenda jikoni, umuulize aliyeosha vyombo.